Nimekuta nyoka kama mnyoo bafuni, mama mkwe anasema ana vichwa viwili. Ni hatari?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Dodoma, tumehamia nyumba yetu huku upande wa Nzuguni, haijaisha vizuri ila tumeingia hivyo hivyo. Juzi mvua kubwa imenyesha usiku, asubuhi naingia bafuni nakuta kitu kama mnyoo mkubwa kinang'aa, kahawia inayoelekea nyeusi, urefu kama kalamu mbili ukiziunga, kinajikunja karibu na tundu la maji. Nikataka kukizoa na ndala, kikatoa ulimi. Nikapiga kelele, fundi aliyekuwa nje akaja akamuua kwa beleshi. Hatukuona macho, hatukujua kichwa kipi mkia upi. Mama mkwe anasema huyo ni ndumilakuwili, anauma mbele na nyuma, na kuingia nyumba mpya ni mkosi. Fundi naye anasema wanaingia masikioni mwa watoto wanaolala chini. Nina mtoto wa miezi 11, ndo anatambaa, anaokota kila kitu. Nyuma ya nyumba kuna kichuguu kikubwa, mume wangu anataka amwage oili chafu na mafuta ya taa achome. Ana sumu? Atakuwa ametaga humu ndani? Tufanye nini?"*

Marahaba dada, na pole kwa mshtuko, maana kukutana na nyoka bafuni asubuhi bado hujanawa hata uso sio jambo dogo. Nijibu kwanza lile linalokunyima usingizi: kwa ulivyomweleza, mwili mwembamba unaong'aa, macho hayaonekani, kichwa na mkia havitofautiani, huyo karibu nina hakika alikuwa nyoka kipofu, na nyoka kipofu hana sumu kabisa, hata ile kidogo, na mdomo wake hauwezi hata kutoboa ngozi ya mtoto wako. Ila naomba usiishie hapa kusoma ukaenda kulala, kuna mwenzake wa chini ya ardhi anayefanana naye kwa mbali ambaye huyo nataka umwogope kweli, nitamfikia.

Tuanze na mama mkwe, kwa sababu hajatunga. Ndumilakuwili ni jina la zamani kabisa la hawa viumbe, anayeuma kuwili, na ndo maana mtu mnafiki anayekula huku na huku tukampa jina hilo hilo. Wazee walimwangalia wakaona kitu cha kweli: mkia wake ni mfupi na butu, unene ule ule wa kichwa, hana shingo, na ukimgusa anaficha kichwa chini ya mwili anabaki anauchezesha mkia. Sasa adui, tuseme kuku au kunguru, anadonoa mkia akidhani ndo kichwa, nyoka anapata sekunde zake mbili tatu za kuzama ardhini. Halafu kuna kitu kingine, kwenye ncha ya mkia ana kimwiba kidogo sana, ukimshika kwenye kiganja anajisukuma kwa nguvu kati ya vidole (wana nguvu ajabu kwa ule udogo, unahisi kama kamba inavutwa) na kile kimwiba anakikandamiza kwenye ngozi. Kinachoma kidogo kama ncha ya kijiti cha meno. Hapo ndo mtu anarusha mkono anasema kaniuma nyuma! Hakijakuuma kitu, hamna tundu, hamna sumu, anakitumia kujikita kwenye udongo ili mwili upate pa kusukumia. Kichwa ni kimoja tu dada, kama cha nyoka yeyote.

Na macho anayo, kwa namna yake. Ukimtazama kwenye mwanga mzuri utaona vidoti viwili vyeusi chini ya gamba, kama mbegu ya mchicha iliyofunikwa na plastiki. Haoni sura ya kitu, anatofautisha mwanga na giza basi, na ukimwekea mwanga atahangaika kutafuta pa kujificha. Mdomo uko chini ya pua, kama wa papa, mdogo sana, na meno yake yako kwenye taya la juu tu. Hali panya wala chura wala yai la kuku. Anakula mchwa na sisimizi, hasa mayai na wale watoto weupe laini waliomo ndani ya kiota, anaingia humo ndani anayakomba kwa lile taya la juu haraka haraka, mara kadhaa kwa sekunde moja, anameza mfululizo kama mtu anayekula karanga bila kuangalia sahani. Kuna aina moja imeonekana hata ikimkata mchwa kichwa kwanza, inamburuza kwenye kitu kigumu mpaka kichwa kinachomoka, inameza mwili laini inaacha kichwa. Hicho ndo kiwango cha ukali wake.

Suala la masikio nalijibu kwa kifupi maana halistahili refu. Nyoka huyu anafuata harufu ya mchwa na sisimizi kwa ulimi, na sikioni kwa mtoto hamna kiota cha mchwa. Kinachoingiaga masikioni ni mende na wadudu wengine wadogo, na hao unawazuia kwa chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, ambacho natumaini mnacho kwa sababu ya mbu.

Sasa kwa nini kwako na kwa nini asubuhi ile. Hapa ndo penye utamu, kwangu mimi angalau. Dodoma mvua zetu ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, na zote zinabanana kati ya Desemba na Aprili, miezi inayobaki ardhi inakauka mpaka udongo mwekundu unakuwa kama tofali na kule mbugani upande wa Bahi udongo mweusi unapasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Kiumbe chembamba kama kalamu kinapoteza maji haraka sana kwenye hali kama hiyo. Kwa hiyo anakaa wapi? Anakaa kwa mchwa. Ndani ya kichuguu kile mnachokiona kama rundo la udongo mkavu, chini kule kuna unyevu na joto lisilopanda wala kushuka sana, maana wale mchwa wakubwa wanalima uyoga wao humo na uyoga hautaki kukauka. Nyoka kipofu kiangazi anashuka na mashimo ya mchwa, chakula kipo, unyevu upo, kiyoyozi kipo, hana sababu ya kutoka. Unaweza kuishi na kumi nyuma ya nyumba miaka mitano usimwone hata mmoja.

Halafu mvua inakuja. Ile ya kwanza kubwa, ambayo kumbikumbi wanatoka na watoto wanakimbizana nao kwenye taa. Maji yanajaza vijishimo, hewa inakosekana chini, nyoka anapanda juu, na usiku huo huo ndo anatembea, anatafuta mwenza, anatafuta pengine pa kuishi. Akikutana na njia ya sisimizi anaifuata tu. Na njia za sisimizi, wewe mwenyewe unajua, zinapita pembeni ya msingi, zinaingia kwenye ufa wa sakafu ambayo haijapigwa niru, zinaibukia bafuni kwenye tundu la maji ambalo halina kifuniko. Kwenye marumaru anateleza, mwili wake umetengenezwa kwa ajili ya kusukuma udongo na sio sakafu laini, ndo maana ukamkuta anajikunja hapo hapo bila kwenda mahali. Yeye ndo alikuwa kwenye shida.

Na nyumba mpya zina sababu moja zaidi, kifusi. Ule udongo uliojaziwa ndani ya msingi ulitoka mahali, umechimbwa na greda au kwa majembe, umepakiwa na kila kilichomo. Nimewahi kusimama pembeni ya lori likimwaga kifusi, kwenye kona moja ya rundo wakatoka watatu, mmoja kahawia mnene kama kidole, wawili vyembamba kama uzi wa viatu. Vibarua walikimbia wote, nikabaki mimi na kopo langu, na mpaka kesho wananiitaga mganga.

Wale watatu hawakuwa aina moja. Tunaposema nyoka kipofu tunasema kundi zima, na Tanzania tunazo aina nyingi. Wako wakubwa wanaoweza kupita nusu mita, kama yule wa bonde la Zambezi, Afrotyphlops mucruso, ambaye alielezwa kitaalamu mwaka 1854 kutoka Msumbiji na kwetu pia yupo. Wako wale vyembamba kama uzi, Leptotyphlops, hao wao meno yako taya la chini, kinyume cha wenzao. Pwani yuko mmoja aliyeandikwa 2007 akapewa kabisa jina la Letheobia swahilica. Na usicheke, hapo Mpwapwa tu kuna kiumbe kinachofanana na nyoka kipofu ambacho sio nyoka, ni jamaa ya mijusi asiye na miguu, mwili una pete pete kama mnyoo, Geocalamus modestus, aliandikwa kutoka hapo hapo Mpwapwa mwaka 1880 na hapatikani nchi nyingine yoyote. Huyo wa kwako, kwa kipande cha picha ulichonitumia, kilichochukuliwa huku mkono unatetemeka, siwezi kusema ni yupi kati ya hao, na kwa usalama wa mtoto haina tofauti.

Kutaga: wengi wanataga mayai, ila kwenye udongo wenye unyevu au ndani ya kichuguu, sio kwenye sakafu wala chini ya beseni. Bafuni hujaachiwa mayai. Sehemu moja tu ndani ya nyumba ambayo ningekagua ni vyungu vya maua, kwa sababu kuna aina moja ndogo ya asili ya Asia, kama sentimita 15, imesambaa duniani kwa kusafiri kwenye udongo wa miche, pwani yetu ipo, na yenyewe ni majike watupu, hamna dume, jike moja linataga lenyewe bila kupandwa. Kwa hiyo kama uliletewa maua kutoka Dar au Tanga, unaweza ukawa na familia kwenye chungu. Nayo haina madhara, inakula watoto wa sisimizi kwenye mizizi ya ua lako, mimi ningeiacha.

Sasa yule mwenzake. Huyu nataka umsomee mume wako na fundi pia. Kuna nyoka mweusi anayeishi chini ya ardhi, kitaalamu Atractaspis, mara nyingi ana nusu mita hivi, anang'aa vile vile, kichwa kidogo vile vile, mkia mfupi, na anatoka usiku baada ya mvua vile vile, yaani ratiba moja na yule wa kwako. Ana meno mawili marefu ambayo anaweza kuyachomoza pembeni ya mdomo bila kufungua kinywa. Maana yake ni kwamba ile mbinu ya watu kumkamata nyoka nyuma ya kichwa kwake haifanyi kazi, ukimshika hapo anageuza kichwa kidogo tu pembeni anakuchoma kidole kwa jino moja, hata hujaona ameuma. Wako walioumizwa naye huku wanajua wanachofanya, au waliodhani wameokota nyoka kipofu. Maumivu yake ni makali sana, mkono unavimba, malengelenge, na nyama ya kidole inaweza kuoza mtu akabaki na kidole kilichopinda au kimekatwa.

Utawatofautishaje? Mgongo hausaidii, wote wanang'aa. Angalia tumbo. Nyoka wa kawaida, pamoja na huyu mweusi, tumboni ana magamba mapana yaliyopangana kama ngazi kutoka kooni mpaka mkiani. Nyoka kipofu hana ngazi, magamba ya tumbo ni madogo sawasawa na ya mgongo, ukimzungusha huoni mabadiliko. Pia yule mweusi ukimsumbua anainua shingo kama upinde na kusimika pua ardhini, mkao wa ajabu, kwa nyoka kipofu huoni hivyo. Macho ya yule mweusi nayo ni madogo ila yanaonekana wazi. Lakini tumbo unaliangaliaje bila kumshika? Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, inayoonyesha ndani, unaikata shingo, unailaza mbele yake, unamsukuma na ufagio wa mti mrefu aingie, unafunika na kitu kigumu, unainyanyua unapiga picha kwa chini. Kama mikono inatetemeka acha, mfunike na ndoo, weka tofali juu, toa watoto, ita mtu. Ndoo haijawahi kumwangusha mtu.

Na kidole kisihusike hata siku moja, hata kama una uhakika asilimia mia. Mimi nafanya kazi hii na bado natumia kijiti.

Kuhusu mpango wa shemeji wa oili chafu na moto, nitasema ukweli hata kama atanuna. Oili chafu itaua udongo pale, hamtapanda hata mchicha, mvua itaishusha kuelekea kisima cha jirani kama kipo karibu, na mchwa wataondoka upande huo watokee upande mwingine, pengine kwenye fremu zenu za milango. Mafuta ya taa na kiberiti karibu na nyumba yenye mbao za kenchi zilizobaki, hapo hata sielezi. Chumvi, kitunguu saumu, salfa, kuchoma tairi, nimeviona vyote, na nimeona nyoka akipita juu ya mstari wa salfa kama anavuka barabara.

Ila simwambii kichuguu akiache kwa sababu ya mapenzi yangu kwa nyoka. Kichuguu kikubwa hatua chache kutoka kwenye nyumba ni tatizo la kweli, tatizo la mchwa, wanakula mbao. Na kuna jambo zito kuliko nyoka kipofu: vichuguu vya zamani vyenye matundu makubwa vinapendwa na swila na koboko kama nyumba ya kupanga. Kwa hiyo kama mnataka kiondoke, msikichimbue wenyewe kwa jembe na ndala. Tafuteni fundi wa wadudu anayetumia dawa ya mchwa iliyosajiliwa, akiue kiota mpaka malkia, asubiri, ndo kivunjwe, mchimbaji awe na buti na asiingize mkono kwenye tundu lolote. Ni gharama, najua, kipindi cha ujenzi kila kitu ni hela. Kama hela haipo sasa hivi, kichuguu kinaweza kusubiri, bafuni hakuwezi.

Bafuni ni kazi ya nusu siku. Weka kifuniko chenye matundu madogo kwenye lile tundu la maji, kile cha chuma cha buku kadhaa dukani kwa vifaa vya ujenzi, hakikisha kimekaa sawasawa. Pale nje maji yanapotokea weka wavu wa chuma, ule wa madirisha unatosha ukikunja mara mbili. Ufa kati ya sakafu na ukuta ziba na simenti, chini ya mlango wa nje funga kipande cha mpira, watu wanatumia mpira wa tairi la baiskeli na misumari, unafanya kazi poa. Kokoto, mbao na matofali yaliyobaki yasogeze mbali na ukuta, hayo ndo makazi. Na fuatilia sisimizi wanaingilia wapi, ukimwondoa sisimizi umeondoa barabara yake. Mtoto kwa sasa hivi, msimu huu wa mvua, asubuhi kabla hajashushwa chini piga macho sakafuni na tochi ya simu, chini ya kochi na kwenye kona, dakika moja tu.

Kuhama chumba hamna haja.

Akiumwa mtu na nyoka yeyote ambaye hamjamjua, iwe mkubwa iwe mdogo kama kamba, hiyo sio ya kuniandikia mimi, ni hospitali moja kwa moja. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mkono au mguu utulie kama umevunjika, asitembee, abebwe. Msifunge kamba, msichanje na wembe, msinyonye, na lile jiwe la nyoka mliache kwa mwenyewe, halivuti kitu. Kwa yule mweusi dawa ya sumu ya nyoka iliyopo haimsaidii mgonjwa, anatibiwa maumivu na kidonda, lakini nendeni hivyo hivyo kwa sababu usiku mvua inanyesha hamtajua kama alikuwa yeye au kifutu mdogo, na kwa kifutu dawa inaokoa. Picha ya simu ya huyo nyoka kwa mbali inatosha, msimbebe.

Sijasahau mkosi. Mimi sio mtu wa kubishana na mama mkwe wa mtu, wala wewe usibishane naye. Mwambie tu kisa hiki: kule Texas, Marekani, kuna bundi mdogo, na bundi kwetu unajua anavyosemwa, huyo bundi anamkamata nyoka wa jamii hii akiwa mzima anampeleka kwenye kiota chake. Wengine hawaliwi, wanabaki humo chini ya makinda wanakula funza na wadudu, na utafiti uliotoka 1987 ulikuta makinda waliokaa na nyoka walikua haraka kuliko wasio naye. Mikosi miwili kwenye kiota kimoja na watoto wananenepa. Atacheka, au atasema hao ni bundi wa Wazungu.

Jambo moja la mwisho ambalo ndo litaniwezesha kuondoa ile "karibu" niliyoiweka kwenye hakika yangu: fundi alimtupa wapi? Kama bado yupo pale nje na kuku hawajamaliza, mgeuze kwa kijiti kirefu, sio kidole, hata mfu asishikwe, upige picha ya tumbo karibu na mwanga wa kutosha. Mgongo nimeshauona, nataka tumbo.